Bata Mdogo Anarudishwa Serikalini

Msiniulize nchi ya Turidhike iko upande gani wa dunia. Wenyeji wake waliwahi kuuliza, wakajibiwa kwamba ramani iko wizarani inafanyiwa marekebisho. Mimi nasimulia tu yaliyotendeka, kwa nia njema kabisa, na atakayeona humu sura ya jirani yake, hilo litakuwa baina yake na jirani yake.

Mambo yalianza Mlezi wa Taifa alipozuru ng'ambo, wenyeji wake wakampeleka kutazama opera, ule mchezo wa jukwaani unaoimbwa tangu mwanzo hadi mwisho. Mlezi alisinzia mara pazia lilipofunguliwa, na aliposhtuka alikuta ukumbi mzima umesimama unapiga makofi. Akainuka, akapunga mkono. Tangu saa ile aliipenda opera mapenzi ya dhati, na aliporudi akatangaza kwamba kabla ya mwaka kwisha kila sebule ya Turidhike itakuwa na opera yake, na katuni za watoto juu yake, ili taifa lisiachwe nyuma. Sebule zisizo na umeme ziliagizwa ziwe na subira.

Ikaundwa Wizara ya Utulivu wa Sebule. Ndani yake likawekwa Baraza la Santuri Njema, la kukagua sidii za opera na katuni hizo, na juu ya Baraza akakalishwa Dakta Mwinyipembe, mwenye shahada mbili za udaktari, moja ya mifugo na moja ya heshima. Shida ikajitokeza wiki ya kwanza. Kwenye opera zile, zilipotazamwa na watu walio macho, watu walikuwa wanakufa. Wanaimba nusu saa, wanakufa. Wengine wanakufa na wimbo bado haujaisha. Dakta aliona kitu kama hicho hakiwezi kuingia kwenye nyumba ya watu wenye adabu zao, akatoa Kanuni ya Kwanza: katika santuri yenye muhuri wa Baraza, hafi mtu.

Kanuni ilipendeza, wizara nyingine zikaiazima. Cheti cha kifo kikabadilishwa jina, kikaitwa Cheti cha Kutokuwepo kwa Muda. Ruhusa ya kuchimba kaburi ikawa kibali cha kupanda mti. Mwaka ule takwimu za Turidhike ziliwaacha wataalamu wa dunia midomo wazi.

*

Sasa alihitajika mtu wa kuzisemesha opera hizo lugha ya watu, na mtu huyo alikuwa Kibwana Sefu.

Kibwana alikuwa mtafsiri wa kibanda umiza nyuma ya soko la Mbuyuni. Anayejua vibanda hivyo anajua kazi yenyewe: filamu ya kigeni inacheza, watu wamebanana kwenye mabenchi, na mtafsiri amekaa pembeni na kipaza sauti chake, yeye ndiye jambazi, yeye ndiye polisi, yeye ndiye bibi arusi na mbwa wa bibi arusi. Tena hatafsiri kavu. Ataongeza utani, atamkemea muigizaji, atataja bei ya nyanya. Mtafsiri asiyetia chumvi hapati mtu wa kumsikiliza. Kibwana alitia ya kutosha, na Baraza likamwajiri.

Opera ya kwanza ilikuwa ya mwanamke aliyekunywa sumu kwa uchungu wa ndugu yake aliyefungwa. Kibwana aliitazama mara tatu, akakuna kichwa. Hatimaye yule mwanamke alipoinua kikombe, watu wa Turidhike walimsikia akisema, "Hii dawa ya minyoo chungu, lakini afya kwanza." Akapepesuka, akaanguka, na Kibwana akamsemea kwa sauti nyororo, "Msihangaike jamani, najipumzisha tu, kesho nitaamka mzima." Dakta Mwinyipembe alifurahi akampa mkono mbele ya wapiga picha.

"Ndugu Kibwana," alisema, "wewe umefanya kile ambacho tiba imeshindwa kwa miaka elfu."

Halafu ikaja katuni. Ilikuwa ya wanyama wa bwawani. Kiboko, mfalme wa bwawa, anawahutubia wanyama tangu mwanzo mpaka karibu na mwisho, na mbele kabisa amekaa bata mdogo, mdomo wazi, hasemi kitu ila kulia kwa-kwa-kwa. Kibwana aliweza kumfanya kiboko, kobe, na vyura wote mia. Bata yule alimshinda. Kila alipojaribu ilitoka sauti ya mzee anayeigiza mtoto, na watoto hawadanganyiki kwa hilo. Akamchukua binti yake Chiku, wa miaka saba, akamketisha juu ya magunia mawili ili afikie kipaza sauti.

"Nisemeje, baba?" Chiku aliuliza.

"Utakayoona yanafaa. Ukikwama, lia kwa-kwa."

Chiku hakukwama. Alikuwa amekulia kibandani, alijua kwamba mtafsiri huongeza chake. Kiboko alipofika katikati ya hotuba yake, bata mdogo akageuza shingo kuelekea watazamaji, na Chiku akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kweli: "Huyu mjomba atanyamaza saa ngapi? Mimi nina njaa."

Kibwana alicheka hadi akalazimika kutoka nje. Hakuifuta. Wakaguzi wa Baraza nao waliipitisha, maana wakaguzi walitakiwa kukagua wakiwa na pamba masikioni, maneno mabaya yasije yakawaharibu. Santuri ikapigwa muhuri, ikagawiwa nyumba kwa nyumba, na watoto wa Turidhike wakampenda Bata Mdogo wakamsahau kiboko.

*

Masika yalipoanza Chiku alishikwa na homa. Siku ya pili ilikuwa imepanda, na alfajiri ya siku ya tatu mama yake, Zamda, alimfunga mgongoni, wakaenda naye zahanati. Zahanati ilikuwa imependelewa: ilikuwa imepata runinga mpya, deki mpya, na nakala tatu za opera yenye muhuri. Dawa ya sindano ilikuwa bado njiani. Nesi, mwanamke mwema asiye na kitu mkononi, aliwakalisha mbele ya runinga.

"Tazameni kidogo," alisema. "Tumeagizwa wagonjwa watulie."

Wakatulia. Kwenye runinga yule mwanamke aliinua kikombe chake. Chiku alikuwa kwenye mapaja ya mama yake, anapumua kwa shida, na Kibwana alikaa hapo akijisikia mwenyewe kutoka kwenye spika: msihangaike jamani, najipumzisha tu, kesho nitaamka mzima. Binti yake alikata roho kabla opera haijaisha. Kibwana alitamani ile sauti isingekuwa yake. Aliinuka akabonyeza kitufe, mwanamke akaganda katikati ya kuanguka, na nesi akaja kumsihi, kwa upole sana, airudishe, kwa kuwa kuzima santuri ya Baraza kulikuwa na adhabu yake.

Walipewa Cheti cha Kutokuwepo kwa Muda na kibali cha kupanda mti. Walikwenda watu sita, wakafanya walichopaswa kufanya, wakarudi kabla ya adhuhuri. Matanga hayakuwekwa. Matanga ya nani?

*

Baraza halikuwa na moyo mbaya. Lilimpa Kibwana siku mbili nzima za kupumzika, kisha likamwita kwa opera ya pili. Hii ilikuwa ya mama muuza mishumaa. Mtoto wake anaugua, anafariki, na mama anamkumbatia na kumwimbia dakika kumi na moja, taa za ukumbini zikizimwa moja baada ya nyingine.

Kibwana aliitazama mara moja tu. "Mheshimiwa, hii mpeni mtu mwingine."

"Hakuna mwingine," Dakta Mwinyipembe akamjibu. "Na nimekurahisishia. Nimekuandikia neno moja tu. Amelala. Mama anamwimbia mtoto aliyelala. Kuna familia gani isiyopenda hilo?"

"Mheshimiwa, mimi mtoto wangu..."

"Najua. Hayupo kwa muda. Ndiyo maana utalisema kwa hisia."

Akalisema. Dakika kumi na moja mbele ya kipaza sauti, neno lile lile, amelala, amelala mwanangu, msimwamshe. Mafundi walisema hawajapata kusikia kazi kama ile, na Dakta akaamuru isirudiwe, ilikuwa imekamilika. Kibwana alizima kipaza sauti, akaenda nyumbani.

Santuri hiyo ilipofika kila nyumba, ilifika na kwake. Zamda aliitazama, mikono mapajani. Ilipokwisha alimgeukia mumewe, na uso wake ulikuwa na nuru ambayo Kibwana hakuitarajia wala hakuifurahia.

"Umesikia?" alisema.

"Mama Chiku, ile ni kazi."

"Umesema mwenyewe kwamba amelala, Baba Chiku. Mara ngapi sijui. Kwenye santuri ya serikali."

Kuanzia siku hiyo, kila alasiri baada ya kuosha vyombo, Zamda aliweka sidii ya Bata Mdogo kwenye deki na kuketi mkekani. Mtoto akisema ana njaa, mama anamjibu, "Subiri mwanangu, kinaiva." Chakula kilikuwa kinaiva kweli, na cha watu watatu. Kibwana alikula sahani mbili ili kisimwagwe. Aliona aibu, aliona huruma, na zaidi ya yote aliogopa kuusema ukweli, kwa kuwa uongo ule ulikuwa umetoka kinywani mwake ukiwa na muhuri. Tena na yeye alikuwa akiisubiri alasiri. Ile sidii ndiyo iliyobaki. Picha ya Chiku hawakuwa nayo hata moja. Sauti walikuwa nayo, dakika ishirini na mbili, kwa-kwa zikiwemo.

*

Kisha Mlezi wa Taifa akahutubia taifa. Hotuba ilikuwa ya saa sita, ya kuadhimisha hotuba iliyopita. Kwenye saa ya nne, mjukuu wake mwenyewe, mtoto wa miaka mitano aliyekuwa jukwaani kwa ajili ya kupendezesha, aligeuza shingo kuelekea umati akasema, na vipaza sauti vikamnasa: "Huyu mjomba atanyamaza saa ngapi? Mimi nina njaa."

Uwanjani hakucheka mtu mzima hata mmoja. Watoto elfu tatu wa gwaride ndio waliomalizia, kwa pamoja: kwa-kwa-kwa.

Baraza lilikutana jioni ile ile. Asubuhi ikatoka amri kwamba santuri zote za Bata Mdogo zirudishwe serikalini zikakatwe, na bata atiwe sauti upya na mke wa Dakta Mwinyipembe, mama wa miaka hamsini na tisa aliyejulikana kwa busara. Kibwana aliachishwa kazi ila akashukuriwa kwa mchango wake. Hilo halikumuuma. Alichofanya ni kwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya tarafa kuomba abakishiwe sidii moja tu.

Karani pale alikuwa Bi Zawena, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mtaratibu, ambaye kwa miaka kumi na minane hakuwahi kuharibu fomu. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Fomu ipo," alisema. "Ombi la Kubakiza Santuri. Lakini inajazwa na mwenye sauti. Aje mwenyewe, atie dole gumba."

"Mwenye sauti ni mtoto wangu, dada. Ameshafariki."

Bi Zawena akatazama mlango, kisha akatazama meza. "Una cheti?"

Kibwana akampa. Bi Zawena alikisoma polepole, kidole kikifuata mistari.

"Hapa pameandikwa kwa muda."

"Ndivyo mnavyoandika."

"Ndivyo tunavyoandika," Bi Zawena alikubali. "Sasa, kama ni kwa muda, fomu inaweza kumngoja. Siku akirudi, mlete, tutaishughulikia siku hiyo hiyo." Alimrudishia cheti kwa mikono miwili, kama ilivyo heshima, na hakuweza kumtazama usoni.

*

Urudishaji ukaanza Jumatatu. Siku ya kwanza watu wajanja walileta sidii za kwaya na za masumbwi ndani ya makasha ya Bata Mdogo, kwa hiyo Baraza, ambalo halichezewi, likatoa utaratibu: kila santuri ichezwe ofisini kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ihakikishwe kuwa ndiyo, kisha ikatwe kwa mkasi. Na kwa ajili ya uwazi, spika itolewe nje ili wananchi kwenye foleni washuhudie kwamba hakuna upendeleo.

Tarafa ile ilikuwa na sidii mia nne na ushee. Deki ilikuwa moja.

Basi serikali ya Turidhike, kwa spika yake na umeme wake, ilianza kuwauliza wananchi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, mara ishirini na kitu kwa siku, yule mjomba atanyamaza saa ngapi. Barabara nzima ilisikia. Wauza mihogo walisikia, polisi wa zamu alisikia, akawa anatazama viatu vyake. Na kwenye benchi chini ya spika walikaa Kibwana na Zamda, sidii yao kwenye mfuko wa kitambaa.

Zamu yao ilifika mchana wa siku ya kwanza ya spika. Kibwana akamwambia aliyekuwa nyuma, "Pita wewe, ndugu yangu. Sisi hatuna haraka." Zamu ikafika tena, akasema vile vile. Siku ya tatu watu walikuwa wameshaelewa, na hapo foleni ile ikaingiwa na uvivu wa ajabu. Mtu anafika dirishani, anagundua sidii ameisahau nyumbani, anakwenda kuifuata kwa mwendo wa maharusi. Fundi cherehani mmoja alidai imeruka pale katikati, yeye hataki lawama, ichezwe upya. Bi Zawena alimtazama juu ya miwani yake. Alimtazama na yule mama kwenye benchi, anayesogeza midomo na kujibu, subiri mwanangu, kinaiva.

"Kweli imeruka," alisema Bi Zawena, ambaye hakuwahi kuharibu fomu. "Turudie."

Zikapita siku kumi na tisa hivyo. Walikuja na chakula, wakala pale pale, na Kibwana akajikuta, Mungu amsamehe, ana furaha. Binti yake alikuwa anaongea kutwa. Alimsikia akivuta pumzi kabla ya neno njaa, akasikia gunia likisogea chini yake, vitu ambavyo hakuwahi kuvisikia siku ya kazi. Usiku alikuwa akihesabu sidii zilizobaki na roho inamshuka.

Siku ya ishirini alikuja Dakta Mwinyipembe mwenyewe kwa gari la Wizara kuuliza kwa nini tarafa moja inalichelewesha taifa. Bi Zawena alimwonyesha daftari. Zote zilikuwa zimeshakatwa, isipokuwa moja.

"Ya nani?"

Watu walikuwapo wengi, ingawa hakuna aliyebaki na kitu cha kurudisha. Walikuwa wamekuja tu. Zamda ndiye aliyesimama, akaitoa sidii mfukoni, akaipangusa kwa upindo wa kanga, akaiweka mezani.

Ikachezwa. Kiboko akahutubia. Kobe akakubali, vyura wakakubali. Bata mdogo akauliza swali lake, na safari hii Zamda hakumjibu. Alisikiliza tu, kichwa kimeinama upande mmoja. Dakta alisimama wima dakika zote ishirini na mbili, kwa kuwa utaratibu aliuandika yeye. Ilipokwisha, Bi Zawena aliichomoa, akashika mkasi, akauweka tena mezani. Dakta akanyoosha mkono auchukue yeye.

"Hapana, Mheshimiwa," Bi Zawena alisema. "Fomu inasema karani."

Akakata. Sidii hukatika kwa sauti kavu, ndogo, si sauti ya kumshtua mtu. Spika nje ilibaki inavuma, haina kitu.

"Basi?" Zamda aliuliza.

"Basi, mama."

Zamda akamgeukia mumewe. Hakupandisha sauti. "Baba Chiku, mtoto amekufa."

Kibwana, aliyekuwa na majibu ya watu ishirini kooni, aliitikia kwa kichwa tu. Zamda akaketi chini kwenye sakafu ya ofisi ya serikali, akanyoosha miguu, akavuta kanga kichwani, akaanza kumlilia mwanawe, miezi saba baada ya kumzika. Wanawake wakaingia mmoja mmoja bila kuitwa, wakavua viatu mlangoni, wakaketi kumzunguka, na kila mmoja alipoketi alianza kulia na jina la mtu wake mdomoni, la mume, la mama, la pacha wasiotimiza wiki, kwani nyumba zote za tarafa ile zilikuwa na watu wasiokuwepo kwa muda. Bi Zawena alifunga daftari, akatoka nyuma ya meza akaketi nao. Dakta Mwinyipembe alisimama katikati yao akitafuta pa kukanyaga ili atoke, na hakupata.

Kibwana alitoka nje akasimama na wanaume, kama desturi inavyotaka. Fundi cherehani akamjia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, Baba Chiku," alisema.

Hakuna aliyekuwa amemwambia neno hilo. Kwa miezi saba watu walimwamkia, walimuuliza habari za kazi, lakini humpi mtu pole kwa mtoto aliyetoka kidogo. Kibwana aliushikilia ule mkono, hakuuachia.

"Asante," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, akaanza kulia.